Macho Hayatoshi: Vipimo Vitatu vya Kufanya Pamoja na Watoto wa Shule



Somo la leo linaanzia ku kosa letu sisi wenyewe. Mwanzo wa msimu A mmoja, tulikuwa ndani ya depo ya koperative moja ya milimani hapa Kivu, tukifungua magunia ya mbegu ya maharagi. Mbegu zilikuwa safi, zinang'aa, bila tundu la mdudu. Tulichota ngumi moja, tukaigeuzageuza mbele ya komite, tukasema: "Hii ni mbegu nzuri, gaweni." Komite ikagawa kwa mkopo kufuatana na desturi ya koperative ile: ukipewa kilo moja, wakati wa mavuno unarudisha mbili.

Kisha wiki mbili tulipanda tena kutembelea mashamba. Mvua ilikuwa imekuja vizuri, lakini mistari ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Mama mmoja alitupokea pembeni ya shamba lake, jembe begani, hakutukaribisha kukaa. Akasema: "Agronomu, mvua ilinyesha, na mimi nilifanya kazi yangu. Ile mbegu mulisema iko nzuri. Sasa nitarudisha kilo mbili za nini?"

Hatukuwa na jibu. Mbegu iliyobaki depo ilikuwa bado inang'aa vilevile.

Jibu lilitoka ku shule ya msingi ya kijiji. Mwalimu wa darasa la sita alituomba mbegu kidogo za lile gunia kwa ajili ya somo la sayansi. Wanafunzi wake walihesabu mbegu 100, wakazikunja ndani ya vitambaa vyenye maji, wakazitunza darasani. Siku ya tisa, msichana mmoja alisimama mbele ya komite, akafungua daftari yake akasoma: "Zilizoota ni 46. Zisizoota ni 54. Tulihesabu mara mbili."

Mzee mmoja wa komite alicheka. Alisema watoto wamezamisha mbegu kwa maji mengi. Mwalimu hakubishana naye. Alimwomba tu arudie kipimo pamoja na watoto, na maji ayamwagie yeye mwenyewe. Mzee akakubali, akawa anapita darasani kila asubuhi. Safari hii zikaota 44. Kicheko kikaishia hapo. Komite ikakaa na kukata neno: wote waliopokea mbegu ya lile gunia watarudisha kilo kwa kilo, hakuna cha kuongeza. Na ukurasa wa daftari ya yule msichana ukawekwa ndani ya vitabu vya koperative.

Kama hesabu ile ingefanywa kabla ya kugawa, ingetumia kitambaa, maji kidogo na mbegu 100. Kwa kuwa haikufanywa, ilikula msimu mzima wa familia nyingi. Tangu siku ile tunajua kwamba kuna mambo matatu ambayo macho ya mkulima, na hata macho ya agronomu, hayawezi kuyaona: kama mbegu iko hai, kama punje imekauka, na kama mstari wa mlimani uko sawa. Yote matatu yanaweza kupimwa na wanafunzi wa darasa la tano na la sita kwa vitu vya nyumbani.

KWA NINI WATOTO WA SHULE?

Wengine watauliza: kazi ya koperative inahusu nini watoto? Tuko na sababu mbili.

Ya kwanza ni faida ya mtoto. Mara nyingi tunaingia darasani tunakuta mbegu ya haragi imechorwa ubaoni, imepasuliwa katikati, na majina ya sehemu zake yameandikwa pembeni. Watoto wananakili picha. Wakati huohuo, nyuma ya ukuta wa darasa kuna shamba la maharagi. Mtoto aliyefungua haragi kwa kucha zake na kukuta mmea mdogo umelala ndani hasahau tena lile somo.

Sababu ya pili ni faida ya koperative. Mtoto hana mkopo ndani ya depo. Hakuuza lile gunia, hakulinunua, na hana ndugu wa kumficha aibu. Anahesabu kile anachoona. Sisi watu wakubwa, kabla hatujamaliza kuhesabu, tumekwisha kuanza kutafuta sababu.

KIPIMO CHA KWANZA: MBEGU HII IKO HAI?

Mbegu ni kiumbe hai kinacholala. Ndani yake kuna mmea mdogo, na pembeni ya ule mmea kuna akiba ya chakula cha siku za kwanza. Mbegu inaweza kufa kwa uzee, kwa unyevu, kwa joto la depo, au kwa mdudu aliyekula ule mmea mdogo. Ikikufa, ngozi yake inaweza kubaki inang'aa vilevile. Njia ya kujua ni moja: kuiamsha.

Vifaa: mbegu 100, vitambaa vinne vya pamba vilivyofuliwa na kusuuzwa mpaka sabuni iishe, maji safi, sahani au beseni, daftari na kalamu.

Namna ya kufanya:

1. Kuchukua mbegu. Chota kidogo juu ya gunia, kidogo katikati, kidogo chini. Kama magunia yanatoka kwa wakulima mbalimbali, kila mkulima apimiwe mbegu yake peke yake. Changanya vizuri ile uliyochota, halafu hesabu 100 bila kuchagua. Hapa njo watu wanakosea sana: mkono unapenda kuokota zile nzuri. Mwambie mtoto afumbe macho wakati wa kuchukua.

2. Kugawa. Fanyeni vikundi vinne vya watoto, kila kikundi mbegu 25 na kitambaa chake. Lowesha kitambaa, kamua mpaka maji yaache kudondoka, panga mbegu zisigusane, kunja kitambaa pole pole, weka ndani ya sahani mahali penye kivuli na joto la kawaida.

3. Kutunza. Kila asubuhi watoto waguse kitambaa. Kikianza kukauka, wanyunyize maji. Mbegu isiogelee, maana inahitaji pia hewa. Ikizama ndani ya maji inakosa pumzi.

4. Kuhesabu. Mahindi yanahesabiwa siku ya 7, maharagi siku ya 9. Huko juu kwenye baridi, mnaweza kungoja siku mbili tatu zaidi. Hesabu tu mmea ulio na mzizi mzima na chipukizi zima. Iliyotoa mzizi uliovunjika, iliyooza, au iliyofunikwa na ukungu, iandikwe upande wa zisizoota.

5. Kulinganisha. Andikeni hesabu za vikundi vinne, halafu jumlisheni. Kama vikundi vimepata 23, 22, 24 na 22, jumla ni 91 na mnaweza kuiamini. Kama vitatu vimepata 22 na kimoja kimepata 9, kuna jambo lilitokea ku kile kitambaa. Msitupe ile 9 kimyakimya. Waulizeni watoto nini kilitokea, halafu rudieni kipimo chote.

Namna ya kusoma matokeo:

– 85 na zaidi: pandeni kama kawaida.
– 70 mpaka 84: pandeni, lakini ongezeni mbegu.
– 50 mpaka 69: tafuteni mbegu nyingine. Mkikosa kabisa, ongezeni sana, na mjue kwamba hata zitakazoota zitakuwa dhaifu.
– Chini ya 50: msigawe kama mbegu.

Hesabu ya kuongeza wanafunzi wenyewe wanaweza kuifanya ubaoni: kilo za kawaida mara 90, gawanya kwa namba mliyopata. Mfano: koperative inagawa kilo 20 kwa kila mwanamemba, na kipimo kimeonyesha 75. Basi 20 mara 90 ni 1800. Gawanya kwa 75 unapata 24. Kila mwanamemba apewe kilo 24. Sisi tunashauri kwamba deni lake lihesabiwe kwa kilo 20, kwa sababu zile 4 za juu hazikuongeza shamba lake. Zinaziba tu mapengo ya mbegu iliyokufa.

KIPIMO CHA PILI: PUNJE HII IMEKAUKA?

Kisha aibu yetu ya maharagi tulirudi ku depo kuuliza: zilikufa namna gani? Wenye depo walieleza kila kitu bila kuficha. Maharagi yalipurwa wakati mvua bado inanyesha, yakaanikwa siku moja na nusu, yakaingia gunia. Magunia yakalazwa chini ya udongo, yakaegemea ukuta. Na ukavu ulipimwaje? Kwa meno. Punje ikilia "ka!" tunasema imekauka.

Meno yanasaidia, lakini meno ya mtu mmoja si meno ya mwingine, na punje inaweza kuwa ngumu nje na bado kuwa na maji ndani. Kuna kipimo kingine, cha chumvi ya jikoni.

Vifaa: chupa ya kioo yenye kifuniko, safi na kavu kabisa, chumvi laini ya kupikia, punje za kupima.

Namna ya kufanya: kausha chumvi kwanza, kwa kuikaanga kidogo ndani ya sufuria au kuianika juani, halafu iache ipoe. Jaza punje mpaka theluthi moja ya chupa. Tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi. Funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, halafu iache itulie dakika 15. Sasa tazama ukuta wa chupa. Chumvi ikishika ku kioo, punje bado ni mbichi: unyevu wake umepita karibu 15 kwa 100. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, punje iko chini ya hapo.

Angalia vizuri: kwa kuweka depo muda mrefu, tunataka unyevu wa 13 kwa 100 au chini yake. Basi chumvi isiposhika, usikimbilie kufunga gunia. Ongeza tena siku moja au mbili za jua, na punje ziwe juu ya mkeka au plastiki, zisiguse udongo. Mbegu ya kupanda isikaushwe juu ya bati lenye kuchoma wala karibu na moto. Joto kali linaua ule mmea mdogo wa ndani.

Kwa darasa, kipimo hiki kinapendeza zaidi mkichukua chupa tatu: moja ya mahindi yaliyovunwa leo, moja ya mahindi yaliyoanikwa siku mbili, moja ya yale yaliyoanikwa wiki nzima. Waulize watoto waandike kwanza wanachofikiri kitatokea, kabla ya kutikisa. Halafu watikise, wangoje, watazame. Mwishoni waulize: kwa nini? Mtoto anayesaidia mama yake jikoni atajibu mbele ya wote, maana anajua chumvi inavyolowa wakati wa mvua hata kama hakuna aliyeitia maji. Chumvi inavuta unyevu. Ndani ya chupa inavuta ule wa punje, inalowa, na ikilowa inanata.

Jambo hili si la mbegu peke yake. Punje iliyofungwa mbichi inaota ukungu, na aina fulani za ukungu zinatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Hauwezi kuitambua kwa macho wala kwa ulimi, kupika unga hakuiondoi, na inaharibu ini la mtu, hasa ikiliwa siku nyingi. Kuuza mahindi ya ukungu ni hasara. Kuyasaga na kuwapa watoto ni hatari zaidi. Na ndani ya depo, magunia yakae juu ya mbao, yaachane na ukuta kiasi cha mtu kupita, ili hewa izunguke.

KIPIMO CHA TATU: MSTARI HUU UKO SAWA?

Mkulima wa Kabare, Walungu, Kalehe, Masisi ao Lubero hahitaji kufundishwa kwamba mvua inabeba udongo. Anauona mtoni, maji mekundu. Wengi wamejaribu kuchimba mifereji ya kuzuia maji. Lakini mlimani macho yanadanganya: mteremko wote umeinama, na jicho linazoea ule muinamo. Mstari unaoonekana sawa unakuta unashuka upande mmoja. Mfereji wa namna hiyo unazidisha ubaya, maana unakusanya maji yote na kuyapeleka pa kona moja, na pale pa kona yanapasua na kuchimba korongo ndani ya shamba la jirani. Kuna ugomvi wa mipaka mingi iliyoanzia ku mfereji mmoja uliochimbwa kwa macho.

Chombo cha kupima mstari kinafanana na herufi A, na watoto wanaweza kukitengeneza asubuhi moja.

Vifaa: miti miwili iliyonyooka ya mita 2, mti mmoja wa mita 1 na nusu hivi, kamba ya kufungia, uzi wa mita 2, jiwe la ukubwa wa ngumi, vijiti vya kuchomeka.

Kutengeneza: funga ile miti miwili pamoja juu. Panua miguu mpaka iachane mita 2. Funga ule mti wa tatu katikati ya miguu, ukiwa kama mkanda wa herufi A. Ukizidi pembeni, haidhuru. Kaza sana, maana chombo kinachotikisika kinasema uongo. Mwisho, ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka kichwani, lishuke chini kidogo ya mkanda.

Kutafuta alama ya katikati: hapa njo kuna elimu kubwa, na watoto wanaifurahia. Simamisha chombo mahali pa kawaida, chomeka kijiti pa kila mguu. Jiwe likitulia, weka alama pale uzi unapogusa mkanda. Sasa geuza chombo: mguu wa kushoto uende ku kijiti cha kuume, na wa kuume ku kijiti cha kushoto. Weka alama ya pili. Kama udongo haukuwa sawa kabisa, alama ya kwanza imekosea upande mmoja, na ya pili imekosea upande wa pili kwa kiasi kilekile. Basi ukweli uko katikati yao. Pima kati ya alama mbili, kata alama ya tatu kwa kisu. Kila mara uzi ukigusa hiyo alama ya tatu, miguu miwili iko urefu mmoja.

Kutumia: anzia pembeni ya shamba. Mguu mmoja uwe ku kijiti cha kwanza. Mguu wa pili usogezwe juu au chini ya mteremko mpaka uzi uguse alama. Chomeka kijiti hapo. Zungusha chombo juu ya huo mguu, uende mbele tena. Mtoto mmoja anashika chombo, wa pili anasoma uzi, wa tatu anachomeka vijiti, wa nne anahesabu hatua. Kila hatua ni mita 2, kwa hiyo hatua 30 ni mita 60, na hiyo nayo ni hesabu ya darasani. Fanyeni asubuhi mapema, kabla upepo haujaanza kucheza na uzi.

Mkifika mwisho, tazameni vijiti kutoka mbali. Mstari utakuwa umepinda kama nyoka, ukifuata umbo la mlima. Wengi wanashangaa, wanasema umeharibika. Hapana, mlima wenyewe njo umepinda. Nyoosheni tu pale ambapo kijiti kimoja kimeruka peke yake. Kutoka mstari mmoja mpaka unaofuata chini yake, mteremko usishuke zaidi ya karibu mita 1 na nusu. Kwa hiyo pa mlima mkali mistari itakaribiana.

Juu ya ile mistari pandeni tripsakum, setaria au matete ya mifugo, au miti kama kaliandra. Majani yanalisha mbuzi na ng'ombe, na mizizi inashika udongo. Wazee wengi hawapendi kusikia habari za mifereji, kwa sababu wanakumbuka ile iliyochimbwa kwa nguvu wakati wa ukoloni. Tunawaelewa. Mstari huu hakuna mtu anayekuja kuulazimisha. Mjukuu wako njo anakuja kuuchora, na majani ni ya mbuzi wako.

MAPATANO NA SHULE

Kabla ya kuanza, komite ya koperative ikae na direkteri wa shule, mwalimu na komite ya wazazi, wapatane mambo haya:

1. Watoto wanapima, hawalimi. Hii ni sehemu ya masomo. Wasibebeshwe magunia, wasitumwe kuchimba mifereji. Kukata miti kwa panga ni kazi ya watu wakubwa.

2. Mbegu iliyopakwa dawa, ile yenye rangi nyekundu, ya kijani au ya bluu, mtoto asiiguse. Ipimwe na mtu mkubwa mwenye kuvaa mikono ya plastiki, na isiliwe na mtu wala kuku.

3. Koperative inatoa mbegu, chumvi, miti na kamba. Shule inatoa muda na mahali.

4. Matokeo yanaandikwa mara mbili: daftari moja inabaki shuleni, ingine inabaki depo. Kila ukurasa uwe na tarehe, namba ya gunia, jina la aliyeleta mbegu, na hesabu ya kila kikundi. Hesabu mbaya iandikwe sawa na nzuri.

5. Wanafunzi wenyewe wasome hesabu mbele ya mkutano. Na hakuna gunia litakalogawiwa kabla namba yake haijasomwa.

Juu ya wakati: kwa msimu B, kipimo cha mbegu kinaweza kufanywa darasani mwezi wa 1. Kwa msimu A ni vigumu kidogo, kwa sababu mwezi wa 8 watoto wako vakansi. Basi mwalimu anayekaa kijijini na wanafunzi walio karibu wakutane pa depo wiki ya mwisho ya mwezi ule. Kipimo cha chumvi kinafuata mavuno, kabla ya kufunga magunia. Chombo cha A kitumiwe wakati wa kiangazi, shamba likiwa wazi.

MASWALI MNAYOTUULIZA

"Mbegu tuliyonunua iko na karatasi ya kuthibitishwa. Tuipime tena?" Ndiyo. Karatasi inaonyesha hali ya mbegu siku ilipopimwa. Tangu siku hiyo imepanda gari, imekaa juani, imelala ku depo ambayo hamuijui.

"Mbegu ambazo hazikupita kipimo, tuzile?" Kama hazikupakwa dawa na hazina ukungu, zinaweza kupikwa. Zenye ukungu zitupwe.

"Matokeo yakiwa mabaya, si itakuwa aibu kwa komite?" Swali hili tunalisikia kila mahali, na sisi tunalijua kwa ndani, maana aibu ya kwanza ilikuwa yetu. Hesabu mbaya ikisomwa kabla ya kupanda, watu watanung'unika siku moja, halafu watatafuta mbegu nyingine. Ikinyamaziwa, itasomwa na shamba lenyewe, mbele ya kijiji chote, na hapo hakuna tena la kufanya.

Msimu uliofuata tulirudi ku mkutano wa kugawa mbegu, pa depo ileile. Yule mama alikuwa amekaa mbele. Gunia lake lilipofika, hakulifungua. Alimgeukia mtoto aliyeshika daftari, akauliza: "Hili ni namba ngapi, na liliota ngapi?" Mtoto akatafuta ukurasa: "Namba saba, mama. Liliota 91." Mama akamwomba amuonyeshe pale palipoandikwa, akaweka kidole juu ya ile namba. Kisha njo akafungua gunia.

Sisi tulikuwa tumesimama pembeni. Safari hii hakuna aliyetuuliza tunaionaje ile mbegu.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila koperative ichague gunia moja, ione shule iliyo karibu, na ifanye kipimo cha kwanza. Mkutanoni mlete daftari, na wanafunzi wawili waje kusoma. Kabla hawajasoma, kila mwanamemba aandike namba ambayo macho yake yanamwambia. Halafu mlinganishe.

Kazi njema, na msimu uwe mwema.